Barua ya wazi: Nzi weupe nao wana magonjwa yao

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI),
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA),

YAH: KUTAFUTA VIRUSI VYA WADUDU ILI KUIKINGA MIHOGO YETU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Ninaandika kutoka Mkuranga, mkoa wa Pwani, ninakolima muhogo ekari tatu tangu nilipostaafu kazi ya ugani. Enzi za utumishi barua zangu zilipita kwa mkurugenzi wa halmashauri, zikapigwa muhuri na kupanda ngazi. Hii naipitisha hadharani, kwa kuwa jambo lenyewe linamgusa kila anayekula muhogo, na kwa kuwa haliwezi kutendeka mpaka ofisi zenu tatu zikae meza moja.

Wiki moja kabla ya Ramadhani alikuja kwangu mnunuzi na Canter kutoka Mbagala. Muhogo wa futari una bei, na shamba langu kwa macho lilipendeza: mashina manene, majani mabichi, urefu wa kunipita kichwa. Aling'oa shina la kwanza, akakata muhogo katikati kwa panga. Ndani kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa. Akakata wa pili, mweupe. Wa tatu, mabaka. Wa nne, mabaka. Hakunitolea neno baya. Alinirudishia panga, akapanda gari, akageuza. Mke wangu akaketi chini palepale na kuanza kukata kipande kimoja kimoja, akitenga vizima na vibovu kama mtu anayechambua mchele. Hadi jua linazama, ndoo ya vizima ilikuwa haijajaa.

Ugonjwa huo ni michirizi ya kahawia, nanyi mnaujua vizuri. Ni ugonjwa wa nyumbani kabisa. Mtafiti H. H. Storey aliuandika mara ya kwanza mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara. Batobato nayo, ile inayokunja majani na kuyatia rangi ya manjano, Mjerumani Warburg aliiripoti mwaka 1894 kutoka milima hiyohiyo. Magonjwa haya mawili ya virusi yameingia kwenye vitabu vya dunia kutoka ardhi yetu. Yote mawili yana mbebaji mmoja, mdudu mweupe asiyezidi urefu wa milimita moja au mbili, tunayemwita nzi mweupe ingawa kwa ukoo yuko karibu zaidi na vidukari kuliko nzi.

Geuzeni jani la muhogo asubuhi kabla upepo haujaanza, mtamwona. Jani la tatu au la nne kutoka kileleni, upande wa chini, wamejipanga kama unga uliomwagika. Ukiligusa wanaruka wote kwa pamoja, kisha wanarudi. Chini zaidi, kwenye majani yaliyokomaa, wako watoto wao waliobanana kama magamba madogo, wananyonya na kudondosha utomvu mtamu, na juu ya utomvu huo inaota kuvu nyeusi kama masizi ya sufuria. Siku hizi akina mama wa huku wakichuma kisamvu inabidi waoshe majani mara tatu ndipo maji yatoke safi.

Jibu la haraka ni kupiga dawa. Nimelitoa mwenyewe jibu hilo, nikiwa nimesimama mbele ya wakulima na bomba mgongoni, na leo nasema kwamba kwa muhogo halifai. Pamba hailiwi majani yake. Muhogo unachumwa kisamvu asubuhi, kinatwangwa mchana, watoto wanakula usiku. Nani atahesabu siku za kusubiri dawa iishe nguvu? Bomba linalowesha juu ya jani na mdudu yuko chini. Kwa joto letu yai linakuwa mdudu anayeruka ndani ya wiki tatu hivi, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya mia, kwa hiyo ukiua kizazi hiki kingine kiko njiani. Isitoshe, huyu ni miongoni mwa wadudu waliosifika duniani kwa kuzoea sumu. Wanaokufa mapema ni nyigu wadogo wanaotaga mayai yao ndani ya watoto wa nzi weupe, yaani walinzi wetu wa bure. Msimu mmoja nilinunua dawa duka moja la pembejeo, nikapiga mara mbili, na wiki iliyofuata nzi walikuwa wengi kuliko mwanzo. Sijui ile chupa ilikuwa na nini ndani. Ninachojua ni kwamba buibui na nyigu sikuwaona tena mpaka mvua za vuli.

Watafiti wetu wamechagua njia ya mbegu, nami naiheshimu. Kiroba, aina ya muhogo, imenilisha miaka mingi, na nawashukuru waliohangaika nayo. Lakini mbegu peke yake inakimbizana na mdudu na haimfikii. Uganda ilipigwa na batobato kali miaka ya 1990, mashamba yakafutika. Zikaja aina zinazostahimili batobato, watu wakapumua. Baadhi ya aina hizo, hata hivyo, nzi weupe walizipenda kuliko mihogo ya zamani ya wazee, wakaongezeka juu yake bila kipimo. Mwaka 2004 michirizi ya kahawia, ambayo tuliizoea kama ugonjwa wa ukanda wa chini karibu na bahari, ikaonekana Uganda kwenye nyanda za zaidi ya mita 1,000. Ikaenea kuzunguka Ziwa Victoria, na ndugu zetu wa Mwanza na Kagera wakaonja tunachokionja sisi. Ukiziba mlango wa ugonjwa mmoja na kumwacha mbebaji anazaana, atakuletea mwingine.

Kwa haki niseme pia kwamba nzi hana kosa lote. Kirusi cha batobato kikiingia mwilini mwake hukaa naye siku nyingi, ila kile cha michirizi hakidumu mdomoni mwake, hivyo hawezi kukisafirisha mbali. Safari ndefu ya michirizi inafanyika mikononi mwetu, kwenye mizigo ya pingili tunazopeana kwa wema. Pingili safi ni lazima. Tatizo ni kwamba ukipanda pingili safi katikati ya nzi waliojaa shamba la jirani mwenye ugonjwa, usafi wake hauchukui misimu mingi.

Kwa hiyo nauliza: nani anamuumiza nzi mweupe?

Swali hili lilinianza zamani, na halikuanzia kwenye muhogo. Nikiwa kijana kazini nilipangiwa wilaya ya Kilosa, nchi ya viwavijeshi. Ukubwa wa janga lile mnaufahamu: mvua za kwanza, nondo wanashuka usiku na upepo, siku chache baadaye ardhi inatembea. Siku moja, msimu ukielekea mwisho, tulifika kwenye mbuga ya malisho na madebe ya dawa. Tukakuta viwavi wamepanda hadi ncha za majani. Wengi walikuwa wananing'inia kichwa chini, wameshikwa na miguu ya nyuma tu, wamelegea kama kamba iliyolowa. Nilimgusa mmoja kwa kijiti, ngozi ikapasuka, ukatoka ute wa rangi ya matope ukachuruzika kwenye jani la chini. Hapakuwa na harufu ya dawa. Mzee mwenye ng'ombe aliyekuwa akitutazama akasema, "Hao wamepata ugonjwa wao. Mwaka wanaoupata mapema, sisi hatulii." Tukarudisha madebe kwenye gari.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mzee yule alikuwa amenieleza sayansi nzima kwa sentensi mbili. Ugonjwa ule ni kirusi. Kimefungwa ndani ya kijifuko cha protini kigumu kama chembe ya chumvi, kidogo kiasi kwamba hadubini ya kawaida ya darasani inakiona kwa shida. Kiwavi anakila pamoja na jani. Tumbo la kiwavi si chachu kama letu, lina hali ya magadi, na magadi hayo ndiyo yanayokiyeyusha kifuko. Kirusi kinatoka, kinaingia kwenye chembe za utumbo, kinazaana, kinasambaa mwili mzima. Kinafika hata kwenye mwenendo wake: kiwavi mgonjwa hupanda juu kufia huko, ili mwili ukipasuka ute udondoke kwenye majani ambayo wenzake watakula kesho. Mama nondo aliyebeba kirusi bila kufa nacho huweza kukirithisha kwa mayai yake. Kirusi cha kiwavijeshi hakimdhuru ng'ombe anayekula nyasi hizo, hakimdhuru nyuki, hakimdhuru mtoto. Kasoro yake ni kwamba kikiachiwa chenyewe huchelewa, hufika mahindi yakiwa yameshabaki mabua.

Dawa ya kuchelewa ni kukiwahisha, na Watanzania wamekwisha kufanya hivyo. Kitengo cha kudhibiti visumbufu cha Tengeru, Arusha, kikishirikiana na wataalamu wa Uingereza, kilikipulizia kirusi hiki kwenye milipuko halisi ya viwavijeshi nchini, kwa bomba la mkono na kwa ndege. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kwa kipimo cha vifuko trilioni moja kwa hekta, vikipulizwa viwavi wakiwa bado wadogo, vifo vya halaiki vilionekana kati ya siku ya tatu na ya kumi. Kilosa nako ndiko ulikojaribiwa utaratibu wa kijiji kuwa na mtego wake wa nondo na kujitabiria hatari wenyewe. Mtego wa kujua mapema, na kirusi cha kupiga mapema: vyote viwili vimepimwa kwenye udongo wetu. Mimi nimestaafu bila kukabidhiwa hata chupa moja ya kirusi hicho kwenda nayo shambani.

Wabrazili hawakusubiri kiwanda kikubwa. Kwenye soya yao kulikuwa na kiwavi msumbufu mwenye kirusi chake. Mtafiti Flávio Moscardi na wenzake wa Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo la Brazili, mjini Londrina, wakaanza kukigawa kwa wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mkulima aliambiwa aokote viwavi waliokufa, awahifadhi kwenye baridi, msimu ukija awaponde, achuje kwa kitambaa, apulizie. Viwavi wakubwa hamsini walitosha hekta nzima. Miaka ya mwanzo ya 2000 kirusi hicho kilikuwa kinapulizwa kwenye eneo la takriban hekta milioni 2 kwa mwaka. Hesabu ya viwavi hamsini inaingia kwenye chupa ya kahawa.

Sisi wa Pwani tuna kumbukumbu nyingine ambayo imesahaulika hata Mikocheni, kituo kilichotokana na ule mradi wa taifa wa minazi. Chonga, yule mende mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, ana binamu yake wa Asia. Mwaka 1963 mtafiti Huger alikuta binamu huyo anauawa na kirusi huko Malaysia. Mwaka 1967 kikapelekwa Samoa, na minazi ya visiwa vya Pasifiki ikapata nafuu ambayo haikuwahi kuipata kwa dawa. Miaka ya 1980 kirusi hicho kikaletwa kujaribiwa dhidi ya chonga wetu, Ushelisheli na hapa Tanzania. Kwetu hakikufanya maajabu ya Samoa, maana chonga wetu ni spishi nyingine. Nalitaja kwa sababu linafundisha kitu: kirusi cha mdudu ni kama ufunguo wa kitasa kimoja. Huwezi kuazima wa jirani ukategemea mlango wako utafunguka. Cha nzi weupe wa Mkuranga kitafutwe kwa nzi weupe wa Mkuranga.

Hapa natakiwa niwe mkweli, nisije nikaonekana nauza ndoto. Nzi mweupe si kiwavi. Kiwavi anatafuna jani lote na kilicho juu yake. Nzi mweupe anatoboa kwa mdomo kama sindano hadi kwenye mishipa ya utomvu, kwa hiyo ukipulizia kirusi juu ya jani, yeye anapita katikati bila kukilamba. Kwa sababu hiyo dunia ina virusi vingi vya viwavi vilivyosajiliwa kama dawa, na hakuna cha nzi mweupe kinachouzwa dukani. Wapo watakaoniambia hapo ndipo habari inapoishia.

Kwa maoni yangu hapo ndipo inapoanza kuwa tamu. Vidukari wa nafaka nao wananyonya kwa sindano, na wana virusi vyao. Kimoja, kinachowapoozesha hadi kufa, kiligunduliwa Afrika Kusini miaka ya 1980. Kingine, cha kidukari wa shayiri, kilichunguzwa Marekani miaka hiyohiyo, na kilichoonekana kinanifanya nikose usingizi kwa matumaini. Kidukari mgonjwa akitoboa mmea, anauachia kirusi ndani ya utomvu. Kirusi hakizaliani kwenye mmea, wala mmea hauugui. Kinasafiri tu na utomvu kama abiria kwenye daladala, na kidukari mzima akija kunyonya jani jingine la mmea uleule anashuka nacho tumboni. Mmea wenyewe unakuwa chupa ya kumnyweshea mdudu ugonjwa. Njia ya ndani ya mshipa ipo, basi, maumbile yanaitumia. Kwa nzi weupe pia, katika miaka ya karibuni, wataalamu wanaosoma vinasaba vya mdudu mzima wamekuwa wakikuta humo virusi ambavyo si vya mmea bali vya mdudu mwenyewe, vingine vya ukoo mmoja na hivyo vya vidukari. Kipi kinaua, kipi kinapunguza mayai, kipi kinakaa tu kama mpangaji asiye na neno, hilo linahitaji mtu akae na nzi hai, kwenye chumba chenye neti, na mche wa muhogo.

Tahadhari zipo, nazo ni za kweli. Ukoo huo wa virusi vya vidukari una ndugu wanaowaambukiza nyuki. Nchi yenye asali ya Tabora haiwezi kuachia kirusi chochote shambani kabla hakijanyweshwa nyuki wa maabara na kuonekana hakiwadhuru. Ya pili inawahusu hasa wadudu wabeba magonjwa. Huko Uingereza ilionekana kwamba kidukari wa mtufaha akiambukizwa kirusi chake fulani anakuwa mdogo, anazaa wachache, lakini anaota mabawa. Ni hasara kwake, na huenda ni faida kwa ugonjwa anaoubeba, maana sasa anaruka. Kwa hiyo haitoshi kuhesabu nzi waliokufa. Kila kirusi kitakachopatikana kipimwe pia kwa kuangalia mihogo mingapi mizima imeambukizwa na nzi wagonjwa ikilinganishwa na nzi wazima. Ya tatu ni kwamba wadudu huzoea virusi pia. Nondo wa matufaha alishaonyesha hivyo Ujerumani kwenye mashamba yaliyotegemea kirusi cha aina moja miaka mingi. Yote hayo ni sababu za kufanya kazi hii kwa uangalifu na kuianza mapema.

Sasa ninachoomba.

Mwaka jana, kwenye kona ya chini ya shamba langu inayobaki na unyevu, nilikuta mashina kama sita ambayo watoto wa nzi weupe chini ya majani yake walikuwa wamebadilika rangi, wamekuwa kahawia na kusinyaa. Wengine walikuwa na kitobo kidogo cha duara mgongoni. Hao nawajua, wametokwa na nyigu. Wengine hawakuwa na kitobo wala ukungu wa kuvu. Walikuwa wamekufa tu. Nilikata majani manane nikayafunga kwenye gazeti, nikampigia kijana aliyenirithi kwenye kata. Akaniuliza, "Mzee, mmea unaumwa nini?" Nikamwambia mmea hauumwi, anayeumwa ni mdudu. Kimya kikawa kirefu. Mmea mgonjwa ana pa kupelekwa. Mdudu mgonjwa, mimi na yeye kwa miaka yetu yote ya kazi, hatukujua apelekwe mlango upi. Baada ya siku nne majani yakaoza, nikayatupa.

TARI, naomba mlango huo uwe na bango. Mikocheni mna watu wanaosoma vinasaba, Kibaha mna mihogo na mnaijua michirizi kwa miaka mingi. Toeni maelekezo ya ukurasa mmoja kwa kila afisa ugani wa ukanda wa Pwani na wa Ziwa: mdudu aliyekufa bila dawa anaonekanaje, awekwe kwenye kichupa gani chenye spiriti ya kiasi gani, wangapi wabaki hai, atumwe kwa basi lipi. Maafisa ugani wako kwenye kata, na vishikwambi wengine wanavyo. Wafundisheni kiwavi anayening'inia kichwa chini kuwa ni mali, asizikwe wala asipuliziwe. Kinachopatikana kihifadhiwe kwenye barafu hapa nchini, kwa jina la kijiji kilikotoka, ili siku kikigeuka bidhaa mkononi mwa kampuni ya nje, tuwe na haki ya kukaa mezani. Lile la viwavijeshi halihitaji hata utafutaji. Lipo, limepimwa, linahitaji chumba cha kufuga viwavi na watu wa kuwalisha.

TPHPA, Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliwapa mamlaka yote, ya kulinda mimea na ya kusajili viuatilifu, chini ya paa moja. Tumieni nafasi hiyo. Ombi la kusajili kirusi cha kiwavi lisiulizwe maswali yaleyale ya sumu ya chupa. Sumu unauliza imebaki kiasi gani kwenye jani. Kirusi unauliza kinamwambukiza nani mwingine. Andikeni maswali hayo, yawekeni wazi kwa Kiswahili, ili mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Sokoine ajue tangu siku ya kwanza atatakiwa kuonyesha nini, na suala la nyuki liwe la kwanza kwenye orodha.

Mheshimiwa Waziri, kwako naomba fedha, na naomba zisiwe za mradi wa miaka miwili. Pale Kibaha taifa lina kiwanda kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba kinachozalisha bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu. Bakteria wanapikwa kwenye matangi. Virusi vinahitaji mdudu hai, kwa hiyo si suala la kubadilisha lebo. Hata hivyo ujuzi wa kupima, kufungasha na kuhifadhi kiumbe hai kisife njiani upo pale, na ungefaa usogezwe karibu na watu wa kilimo. Utaambiwa mkulima hatalipia. Ni kweli, mkulima wa muhogo hana desturi ya kununua dawa, na hiyo ndiyo sababu hakuna mfanyabiashara atakayemtafutia. Kidung'ata wa muhogo alipovamia Afrika miaka ya 1970, hakuna mkulima aliyenunua kitu. Hans Herren na wenzake wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, walimfuata nyigu wake hadi Paraguay, wakamwachia Nigeria mwaka 1981, akasambazwa nchi baada ya nchi, na muhogo ukapona kwa watu ambao hawakuwahi kulisikia jina lake. Fedha zilikuwa za umma, na faida ikawa ya kila mwenye jembe.

Mimi natoa nilicho nacho. Kona ile ya chini, kama robo ekari, nimeiacha bila kung'oa na sitaipiga dawa yoyote. Nzi wako tele, na tangu wiki iliyopita wale wa kahawia wameanza kuonekana tena kwenye mashina mawili. Mtafiti yeyote atakayekuja na vichupa vyake, nitampeleka mwenyewe. Aje asubuhi, kabla ya upepo. Kisamvu cha nazi atakikuta mezani, kimeoshwa mara tatu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Afisa ugani mstaafu na mkulima wa muhogo,
Mkuranga, Pwani